Shangazi Akiru Mbele ya Hakimu

Nakumbuka asubuhi ile tulipotoka Lodwar kwenda Kakuma, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa msichana mkalimani wa mahakama. Hakimu alikuwa akisafiri kwenda kusikiliza kesi kule kwenye kambi ya wakimbizi, nami nilipaswa kutafsiri Kiturkana kwa Kiswahili. Nakusimulia haya kwa sababu wiki ijayo utasimama mbele ya hakimu kama shahidi, na nimesikia watu wameanza kukufundisha la kusema.

Kesi iliyotungoja ilikuwa ya shangazi yangu Akiru, dada wa baba. Alikuwa akinywesha mbuzi kwenye visima vya mtoni, jua likitua, mtu akampiga rungu kutoka nyuma na kuwaswaga mbuzi wake wote. Polisi walimkamata mkimbizi mmoja kutoka Sudan, kijana aliyeitwa Majok, kwa kuwa alionekana akiokota kuni karibu na hapo siku hiyo. Ukoo wetu wote ulikuwa umeshamhukumu. Jioni kabla ya safari baba alinijia akaniambia, "Mungu ametusaidia. Maneno yote yatapitia kinywani mwako."

Baba hajibiwi hivi hivi. Lakini garini nilimwambia hakimu kwamba mlalamikaji ni shangazi yangu. Hakimu huyo alikuwa mama mpole, asiyependa maneno mengi.

"Vizuri umesema," akaniambia. "Leo hutatafsiri."

Iliniuma, maana niliipenda kazi yangu na niliijua. "Mheshimiwa, nitatafsiri sawasawa, bila kupunguza wala kuongeza."

"Mimi najua," akasema. "Yule kijana hajui. Akifungwa huku ndugu wa mlalamikaji ndiye aliyekuwa akitafsiri, atakaa gerezani akiamini alionewa. Na huenda atakuwa na haki ya kuamini hivyo."

Basi akatafutwa katekista mmoja mwenyeji, akaapishwa, nami nikakaa kwenye mabenchi ya nyuma kando ya baba. Majok naye alikuwa na mtu wa kumtafsiria Kiarabu cha Juba. Shangazi akaapa, akaeleza jinsi alivyopigwa, akaonyesha kovu. Watu wakanung'unika. Hakimu aliwanyamazisha kwa kuinua kalamu tu, kisha akamgeukia mshtakiwa.

"Una swali kwa shahidi?"

Majok alishika ubao wa kizimba. "Mama, uliuona uso wangu?"

Baba akakohoa, kikohozi ambacho kila mtu wa kwetu alikielewa. Shangazi alimtazama kaka yake, kisha akamtazama yule kijana.

"Sikuuona. Niliona mgongo wa mtu mrefu anayekimbia. Watu ndio walioniambia ni wewe."

Hakuna shahidi mwingine aliyekuwa ameona zaidi ya hapo, na mbuzi hata mmoja hakukutwa kwa Majok. Hakimu alikwenda kuandika hukumu, akarudi alasiri akaisoma polepole ili watafsiri wamfuate. Kwamba Akiru alipigwa na kuporwa mbuzi, mahakama inaamini. Kwamba aliyefanya hivyo ni Majok, upande wa mashtaka haukuthibitisha, na si kazi ya Majok kuthibitisha kwamba siye. Aachiliwe. Polisi waendelee kumtafuta mhalifu, na kiongozi wa mashtaka asiporidhika, Mahakama Kuu ipo.

Nje, baba alikuwa amevimba kwa hasira. "Mtoto wangu anafanya kazi mahakamani, dada yangu ndiye shahidi, na bado tumeshindwa."

Shangazi alikuwa akifunga shuka yake vizuri. "Ulitaka nimfunge mtu kwa sababu ni mrefu? Hata wewe ni mrefu."

Watu waliokuwa karibu walicheka, na baba, baada ya kujizuia kidogo, akageuka upande ili tusimwone akitabasamu. Majok akaja kwa woga, na kwa Kiswahili chake cha kambini akasema, "Mama, pole kwa mbuzi yako." Shangazi akampa mkono. "Ejok, ni vyema, mtoto. Nenda nyumbani."

Sitakudanganya, mbuzi wale hawakuonekana tena. Shangazi alianza upya na mbuzi majike aliopewa na ndugu, na mwaka ule ulikuwa mgumu kwake. Sikumsikia hata siku moja akijutia alichosema.

Kwa hiyo, mwanangu, ukisimama pale, sema ulichokiona kwa macho yako, na ulichoambiwa na watu useme kwamba uliambiwa. Kama una udugu na mtu yeyote katika kesi ile, utaje mapema, kabla hajautaja mwingine. Usimfuate hakimu nyumbani kwake hata kwa salamu. Kesi ikienda vibaya, uliza sababu, maana hakimu ana wajibu wa kuzitoa, na juu yake kuna mahakama nyingine. Hakimu hakuwepo kule mtoni. Ana maneno yenu tu ya kuamulia maisha ya mtu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sauti isiyotetemeka, mifugo yako ishibe, na watoto wako wapate mashahidi kama shangazi Akiru siku watakapowahitaji.