Paka Aliyedungwa Kabla ya Kukhu

Enzi zetu pale Makongeni, mtoto hakuulizwa kama ana nafasi. Siku hizi ukimtuma mtoto chumvi anakujibu, "Kwani lazima mimi?" bila hata kuinua macho kwenye simu, na wewe mzazi unabaki kujieleza kama mshtakiwa. Sisi tulitumwa kabla hatujaketi, na tukirudi tulitumwa tena. Nimetumwa maji, makaa na mafuta ya taa, na nimetumwa kumwita baba mahali ambapo watoto hawakutakiwa kuingia. Lakini kazi iliyonitoa jasho na machozi kuliko zote ilikuwa kumtafuta paka mgonjwa wa sukari kila jioni, mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, ukiwa umenoga na zamu yangu ndiyo kwanza imefika.

Paka mwenyewe aliitwa Karani. Baba alimpa jina hilo kwa sababu alikuwa wa kijivu mwenye kifua cheupe kama shati la ofisini, na kazi yake kubwa ilikuwa kuketi akitazama wengine wakifanya kazi. Alikuwa paka wa Kukhu. Kukhu ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mamake baba, aliyeletwa Nairobi kutoka Bungoma macho yalipoanza kufifia na miguu kufa ganzi. Hospitalini walisema ni ugonjwa wa sukari, wakampa dawa ya kudungwa asubuhi na jioni. Kukhu akakataa katakata. Dadake mkubwa aliwahi kudungwa sindano hospitalini na hakurudi nyumbani, na kwa Kukhu habari ya sindano iliishia hapo. Mama alimbembeleza. Baba akamleta mchungaji, na mchungaji akaomba kwa sauti kubwa mpaka watoto wa mstari mzima wakaja kuchungulia dirishani. Kukhu aliitikia amina vizuri sana, lakini paja hakulitoa.

Wakati huo Karani naye akaanza vituko. Alikunywa maji kwenye beseni, kwenye ndoo, hata kwenye sufuria iliyolowekwa. Alikuwa mnene akaanza kukonda, na akawa anakojoa pembeni mwa chumba kama hajalelewa. Mama, ambaye ndiye aliyepangusa, alitishia kumpeleka ng'ambo ya reli na kumwacha huko. Siku moja nilimwambia Kukhu kwamba sisimizi wamejaa pale Karani alipokojoa. Kukhu aliketi wima kitandani.

"Sisimizi?" akauliza. "Basi hiyo ni yangu. Hata mimi ndivyo nilivyoanza."

Tulicheka, lakini mjomba wangu, nduguye mama, alikuwa akiuza mbuzi Kiamaiko, na alijuana na daktari wa mifugo aliyekuja kukagua nyama huko. Akambeba Karani ndani ya kikapu, katikati ya mbuzi na kelele za madalali, na jioni akarudi na jibu. Ilikuwa sukari kweli. Dawa ni ileile ya Kukhu, ila tone dogo tu. Paka ale kwanza, kwa saa zilezile kila siku, halafu adungwe. Na daktari alionya kwamba paka mzima asiye na ugonjwa huo asiguswe na ile dawa, atakufa.

Mama alikuwa ametoka kazini, pamba bado iko kwenye nywele. Alisikiliza yote, akasema, "Na mimi nani atanidunga ya wazimu?" Hapo ndipo Kukhu alipotoa sharti lake.

"Mama Nekesa," alimwambia Mama kwa upole, akimwita kwa jina langu, "huyu atangulie. Akidungwa akaamka, na mimi nitadungwa. Asipodungwa yeye, mimi msinifuate."

Ndivyo uhai wa nyanya yangu ulivyofungwa kwenye mkia wa paka. Tulidhani ni sharti la siku moja, lakini Kukhu alilishikilia asubuhi na jioni, kila siku aliyoamka. Akishaona Karani amedungwa na bado anapumua, anavuta leso yake kidogo na kusema, "Haya."

Kijana wa leo atauliza kwa nini baba hakusaidia. Mwanamume kuona paja la mamake ulikuwa mwiko kwetu, na baba hakuwa wa kubishana na miiko. Mkono Kukhu alikataa kudungwa, akisema ndio anaotumia kula. Kwa hiyo ilikuwa ni Mama tu, na Mama alifanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha nguo ng'ambo ya reli. Wiki za zamu ya asubuhi tulipona. Wiki za zamu ya mchana alikuwa na mapumziko ya chai tu. King'ora kikilia, wenzake wanatoa vikombe, yeye anavua aproni na kukimbia. Anavuka reli, anapita uwanjani, anaingia ndani akihema. Sindano zilikuwa za kioo, zikichemshwa kwenye sufuria mbili, moja ya mtu na moja ya paka, nami niliifunga ya paka uzi mwekundu kwa sababu Mama aliapa kwamba siku atakayozichanganya atahama nyumba. Kichupa cha dawa kilikaa kwenye mtungi wa maji, kikiwa kimefungwa ndani ya nailoni, maana friji tulikuwa tunaziona madukani tu.

Kazi yangu ilikuwa moja: Mama akiingia, Karani awe ndani na awe amekula.

Sasa nenda ukamtafute paka Makongeni saa za jioni! Kila mlango umefunguliwa, majiko yako nje, moshi umetanda, dagaa wanakaangwa huku na githeri inatokota kule. Karani alikuwa na jina tofauti kila nyumba. Kwetu Karani, kwa jirani yetu Mama Njoki aliitwa Kamau, kwa mafundi makapera wa mwisho wa mstari aliitwa Bosi. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwaomba wasimlishe, nikaambiwa nina roho mbaya.

"Wewe mtoto, chakula hakinyimwi mtu," Mama Njoki alinigombeza.

"Lakini huyu ni paka, Mama Njoki."

"Ndiyo, na paka pia ana tumbo."

Hata wanafunzi wenzangu walimwekea maziwa ya shule, yale ya pakiti za pembe tatu, wakimdondoshea kwa kona iliyokatwa kwa meno. Ikifika saa ya chakula chake, Karani alikuwa ameshiba na amelala juu ya paa la choo, akinitazama. Nilimchukia. Namwambia msomaji ukweli, nilimchukia paka yule kwa moyo wangu wote. Wenzangu wanacheza bano ya gololi na brikicho ya kujificha, mimi niko juu ya ndoo nikinyoosha mkono na kipande cha mapafu ya mbuzi. Vijana wa uwanjani walizoea kunipigia kelele, "Nekesa! Karani wenu amehepa! Mathe wako anakuja, ona!" Nikigeuka, kweli, Mama ameshavuka reli.

Siku ambazo hakupatikana haraka, Mama alisimama mlangoni akiniita kwa hasira, sindano mkononi, dakika zake za chai zikiyeyuka. Ndani Kukhu anaimba wimbo wa kanisa polepole, hana haraka ya kwenda popote. Nyapara wa Mama alikuwa ameshamwonya. Mama alilia mara moja tu mbele yangu, na alilia kwa sababu ya paka aliyekuwa chini ya kabati muda wote huo.

Basi ikaja wiki mbaya. Pale mtaani ilikuwa kawaida kuazimana paka. Panya wakizidi, jirani anamchukua paka wako jioni, analala kwake, asubuhi anarudi. Mama Mutua, jirani wa mlango wa tatu, alimchukua Karani baada ya sindano ya jioni, kwa ruhusa ya baba, ambaye hakuona haja ya kumwambia mtu. Alfajiri Mama Mutua akaletewa habari ya msiba kwao Machakos. Akajifunga leso, akafunga kofuli, akaenda. Karani alikuwa chini ya kitanda.

Hatukujua. Baba naye alikuwa ametumwa na karakana ya reli kwenda kurekebisha injini nje ya mji, mapema asubuhi hiyohiyo. Tulimtafuta Karani kwenye paa, kwenye mitaro, hadi karibu na viwanda. Mafundi wale walipanda juu ya matangi. Mama Njoki, aliyekuwa ameniita mwenye roho mbaya, alitembea mstari mzima akiita "Kamau! Kamau!" mpaka sauti ikamkauka. Kila Mama alipoingia baada ya kuvuka reli, Kukhu aliuliza, "Ametangulia?" Mama akamjibu kwamba bado. "Basi na mimi nangoja," akasema Kukhu. Siku ya pili alikuwa akiomba maji kila mara, midomo imepasuka, anachanganya jina langu na la dadake marehemu. Mama alipiga magoti kando ya kitanda akamsihi, kisha akapaza sauti, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akimfanyia mamake baba. Kukhu aligeukia ukuta.

Siku iliyofuata mchana Mama Mutua alirudi na kufungua mlango wake. Alikuja kumtafuta Mama bombani, kwa bahati Mama alikuwa bado hajaenda kazini, akamshika mkono bila kusalimia. Nilikuwa nimesimama pale na ndoo yangu, nikaelewa kabla hajasema: Karani amefia mle ndani. Nililia nikiwa nimeziba mdomo kwa sketi, kwa sababu dirisha la Kukhu halikuwa mbali. Kumbe yule niliyemchukia nilikuwa nimemzoea kuliko ndugu zangu.

"Mimi ndiye nimemuua nyanya wa watu," alisema Mama Mutua.

"Bado hajafa," Mama akamjibu. "Hebu tufikiri."

Mama Mutua alikuwa na dada yake Mukuru kwa Njenga mwenye paka wa kijivu. Hakubadilisha hata nguo za safari. Alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, kikapu kichwani, na alipofika king'ora cha chai kilikuwa kinalia na Mama anakuja mbio. Kasoro ilikuwa moja, paka yule hakuwa na kifua cheupe. Mama Njoki akasema, "Nekesa, lete chaki." Nikaitoa kwenye mkoba wa shule, na wanawake watatu wazima wakachuchumaa nyuma ya choo wakimpaka paka chaki kama wanaremba bibi harusi. Dawa asingeweza kupewa, kwa hiyo Mama alimgusa mgongoni kwa bomba lisilo na sindano. Kukhu alinyoosha mkono, akampapasa paka kichwani na kifuani. Vidole vikatoka vyeupe. Kukhu akavipangusa kwenye leso, akaivuta pembeni na kusema, "Haya."

Miezi ikapita, asubuhi na jioni, chaki na bomba tupu. Mwalimu wangu alishangaa chaki zinakoishia. Kisha jioni moja Mama aliingia amechoka kupita kiasi, akaanza kumkamata paka, na Kukhu akasema, "Mwache huyo alale, mwanangu. Nipe mimi."

Mama akasimama. "Hatangulii leo?"

"Huyu atangulie kwenda wapi? Si Karani huyu. Karani alikuwa akidungwa anaacha alama kwenye mkono wa mtu. Huyu anaguswa anakoroma. Nilijua siku ileile."

"Sasa mbona ulinyamaza, Mama?"

Kukhu alicheka kidogo. "Niliwasikia huko nyuma ya choo mkibishana juu ya chaki. Nikamsikia Mama Mutua anahema. Mama mzima ametoka matanga, amekwenda Mukuru kwa miguu kutafuta paka, kwa ajili ya paja langu mimi. Nikaona nikikataa tena nitakuwa mtu wa namna gani?"

Mama aliketi kwenye ukingo wa kitanda na sindano mkononi, na king'ora cha kurudi kazini kikalia bila yeye kuinuka. Kukhu aliishi hata nikamaliza shule ya sekondari, akidungwa na Mama bila paka wala sharti.

Sasa ni Mama mwenye sukari. Anakaa Donholm, kwenye nyumba nzuri tuliyompangia sisi watoto wake, na ana friji, ana kile kimashine cha kupima damu, ana sindano za kutupa ambazo hazichemshwi. Wajukuu wamemwekea simu imlilie asubuhi na jioni, wakaona wamemaliza kazi, na mimi sina haki ya kuwacheka sana kwa sababu ninamtembelea nikipata nafasi. Mara ya mwisho nilimuuliza jirani wa mlango unaotazamana na wake anaitwa nani. Amekaa pale miaka, na hajui. Kila jioni nikitoka kazini nampigia, namuuliza kama amejidunga. Ananijibu, "Nimejidunga, mwanangu, usiwe na wasiwasi." Sauti yake ni ileile ya Kukhu siku zile alipokataa sindano akageukia ukuta, na hakuna mtu wa karibu ninayeweza kumtuma akaangalie.