Povu la Ng'ombe wa Bi Mwanamkasi

Jirani zake wa Michenzani humwita Bi Tahiya daktari wa vibudu, naye hanuni. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili anapasua wanyama waliokufa katika maabara ya mifugo, akitafuta kilichowaua. Akirudi nyumbani huoga kwa ndimu, kisha akapika kama watu wote. Kinachomuudhi ni kisu tu. Ng'ombe akianza kukata roho, watu humuwahi kumchinja asije akafa haramu. Nyama hugawiwa, mapafu hutupwa, na yeye huletewa hadithi badala ya mzoga.

Ndivyo alivyofanya Bi Mwanamkasi wa Matemwe. Alikuja maabara na kopo tupu la maziwa ya unga, ndani mna kitambaa kilichokauka.

“Povu la ng'ombe wangu hilo, lilimtoka puani,” alisema. “Nipimie sumu, Bi Tahiya. Ni jirani yangu Nahodha, kamlisha sumu kwa vile aliingia kwenye mihogo yake. Mji mzima nshauambia.”

Bi Tahiya alilitazama kopo, akaona huruma na hasira kwa pamoja. Kitambaa kile kisingemwambia kitu, na huyo Nahodha alikuwa keshahukumiwa.

“Umebakiwa na ng'ombe mwengine?”

“Yupo mtamba wake. Tangu jana hali kitu.”

“Basi twende kwa huyo.”

Mtamba walimkuta kainamisha kichwa, mwili unamchemka, masikio yamejaa kupe. Bi Tahiya alipapasa chini ya sikio, akakuta tezi imevimba kama limau. Aliichoma sindano, akavuta tone moja, akalipaka kwenye kipande cha kioo. Aliporudi maabara mjini alikitia rangi kile kioo, akakiweka chini ya hadubini. Hakuhitaji kutazama mara mbili, maana chembe nyeupe za damu zilikuwa zimejaa vidoa vya buluu, vijidudu vya ndigana. Jioni ile ile alirudi Matemwe akamdunga mtamba dawa, na asubuhi alikuwa anatafuna majani.

“Ni ugonjwa wa kupe,” Bi Tahiya alimwambia mwenye ng'ombe. “Mapafu ya mama yake mmeyatupa, siwezi kuapa. Lakini kwa ulivyonieleza, ndiyo ndigana hiyo hiyo. Lile povu ni maji yaliyojaa mapafuni.”

Bi Mwanamkasi alimng'oa mtamba kupe mmoja sikioni.

“Bora ingekuwa sumu,” alisema. “Nahodha alinambia nimuogeshe dawa ya kupe. Nkamjibu ashughulike na mihogo yake. Niandikie karatasi nimpelekee.”

“Ntakuandikia. Lakini wewe hukumwandika, ulimsema. Nenda kwa mdomo wako.”

Walikwenda wote wawili. Nahodha alikuwa kibarazani anamenya mihogo. Aliwakaribisha, akamsikiliza Bi Mwanamkasi mpaka mwisho, kisu kimetulia mkononi.

“Wewe ulipofiwa na ng'ombe watu walikuja kukupa pole,” alisema taratibu. “Miye wiki ya pili hii nnatoa salamu, haziitikiwi. Hata msikitini, ubavuni pangu hapakai mtu.”

Bi Mwanamkasi alilia pale pale, wapita njia wakimtazama. Kisha akajifunga kanga vizuri, akavuka njia, akapiga hodi nyumba ya kwanza.