Ijumaa Majiko Yalipohama

Mama Nyamusi alikuwa ameahirisha ubatizo wake mara nyingi, hata mchungaji akawa anamwandika kwa penseli. Mara mvua, mara mguu, mara jino, mara mazishi ya mtu ambaye hata hakumjua vizuri. Safari hii akaja na sharti. Angetoka kwake Rongo kwenda kubatizwa ziwani Homa Bay iwapo tu bintiye, Nyasuguta, atamchukua kwa gari lake mwenyewe. Likizima njiani, alisema, basi Mungu amesema bado, na mtu asimuulize tena habari hizo maisha yake yote.

Bibi huyo alikuwa mjanja. Alijua fika kwamba Corolla kuukuu ya Nyasuguta, iliyozoea kubeba ndizi na maparachichi mpaka soko la Homa Bay, ilikuwa na kikohozi. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri tu. Ikiona mlima ilianza kugugumia, ikashtuka, ikazima.

Fundi Omanga alikuwa ameshaisikiliza kabla ya kwenda zake makambi ya kanisa. Filta ya petroli imeziba, alisema, na dukani inapatikana. Nyasuguta karibu amkumbatie. Filta aliwahi kubadilisha kwa mikono yake mwenyewe, fundi akiwa amesimama kando. Oili na plagi ndiyo usiseme. Ploti nzima ya nyumba za kupanga alikoishi Homa Bay ilimwita Mama Spana, wengine kwa kumcheka, naye alilipokea jina hilo kwa mikono miwili.

Ila siku ya kubadilisha filta ilikuwa Ijumaa, kesho yake ubatizo, na ploti ile ilijaa Waadventista kutoka Kisii. Ijumaa ni siku ya maandalizi. Jua likizama Sabato imeingia, hakuna kupika wala kushika spana, kwa hiyo kuanzia mchana kila mlango una jiko lake nje, wali hapa, chapati pale, chungu cha mboga za chinsaga kikichemka kwa maziwa. Na petroli, kama alivyosisitiza Omanga, haitaki kuona cheche hata ya kiberiti. Kulitoa gari nje ya lango hakukufaa, maana huko ni mteremko mtupu na vijana wa boda boda huvuta sigara papo hapo. Gari lilitaka mahali tambarare penye hewa, na mahali hapo palikuwa uwanja wa ploti, katikati ya majiko.

Nyasuguta akasimama uwanjani akatangaza kwamba moto wote uhame. Palizuka kelele. Motari, mpangaji wa mlango wa kwanza, aliyekuwa akipika wali kwa mara ya kwanza tangu mkewe asafiri, akataka kujua kama ubatizo wa mtu mmoja unazidi njaa ya watu wazima kumi na watoto wao. Nyasuguta akamjibu kwamba wali wake ungeungua hata gari lisingekuwepo. Watu wakacheka, na mwenye kucheka huwa amekwisha shindwa.

Kultum, mwenye hoteli ng'ambo ya barabara, ndiye aliyemaliza ubishi. Alikuwa amerudi kutoka msikitini, na wateja walikuwa wachache. Akasema uwanja wake wa nyuma uko wazi, waje tu. Basi ungewaona! Msafara wa masufuria ukavuka barabara, makaa yakiwaka, Motari mbele na wali wake kama anayebeba bendera. Pikipiki zilisimama kuwapisha.

Nyasuguta akaanza kazi. Injini ilikuwa imepoa. Akachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, akawasha gari, akaliacha linywe mafuta yaliyobaki kwenye paipu mpaka likazima lenyewe, ili presha iishe. Akafungua waya hasi wa betri. Akavaa miwani ya jua ya bintiye Valentine, yenye maua pembeni, na glavu. Kizima moto kando, bakuli la bati chini ya filta, kitambaa kikizunguka nati. Spana moja ya kushika, nyingine ya kuzungusha. Alikuwa anaimba. Alijisikia bingwa wa dunia.

"Mama Valentine," Kultum akamwita kutoka langoni, kwa upole kabisa, "umehamisha moto ya watu wote. Hiyo moshi nyuma ya nyumba yako ni ya nani?"

Spana ikamponyoka. Maharagwe! Alikuwa ameyabandika mwenyewe asubuhi, kwa mazoea ya Ijumaa, hata kabla ya kwenda kununua filta. Akakimbia na miwani yake ya maua, akalibeba jiko lake mwenyewe na kuvuka nalo barabara. Huko nyuma ya hoteli ploti nzima ilimpokea kwa vigelegele, na Motari akaketi chini kwa kicheko.

Aliporudi, akaokota spana. Nati ikalegea, petroli kidogo ikadondokea bakulini. Filta mpya ikaingia, mshale wake ukielekea injini, na washa mpya, vile vipete vya shaba, kila upande. Akarudisha fyuzi na waya wa betri, akazungusha ufunguo mara kadhaa bila kuwasha, akachungulia kama panavuja. Pakavu. Kisha akawasha, na gari likanguruma bila kukohoa. Jua lilikuwa bado halijagusa ziwa.

Kesho yake asubuhi Mama Nyamusi alipanda gari Rongo akiwa amejifunga kitambaa cheupe. Kilima baada ya kilima, gari likapanda bila kugugumia. Walipomaliza kile cha mwisho, ziwa likatokea chini yao, kubwa na jeupe kwa jua.

"Nilikuwa ninaomba lizime hapa," mama akasema.

Nyasuguta alicheka hata ikabidi asimamishe gari kando. Alipofuta machozi ndipo akaona mama hacheki.

"Maji ndiyo ninaogopa, Nyasuguta. Mungu simwogopi. Sijawahi kuingiza kichwa ndani ya maji."

Miaka yote ile, na hakuna aliyemuuliza. Nyasuguta aliona aibu, na mapenzi yakamjaa kifuani pamoja nayo. Akamshika mkono.

"Nitaingia na wewe, mama. Na nguo zangu hizi hizi."

Mama Nyamusi akalitazama ziwa, kisha akamtazama binti yake.

"Basi kanyaga mafuta," akasema, "kabla sijafikiri."