Msaragambo wa Kufyeka Namba za Wachina

Niliamini kabisa, tena nikawahubiria watu, kwamba herufi za Kichina ni nzito mno kupanda Upareni. Moja ina uzito wa herufi zetu hamsini; zikifika Mombo kwenye waya wa intaneti zimeshachoka, zikiingia Same ni vipande vya namba tu. Aliyeniambia ni kijana wa chuo kutoka Dar, tuliyeajiriwa naye katika ofisi ndogo ya kompyuta pale Same mjini. Alisema bila kucheka. Kwa hilo sijamsamehe hadi leo, na sina haraka.

Mimi nimesoma masomo ya jioni, kidato hadi kidato, nikasinzia juu ya madaftari yanayoweza kujaza lori. Yeye akanibatiza. "Shikamoo, msomi wa koroboi!" ananiamkia mbele ya wateja. Nikawa nahesabu siku za kumlipa.

Miaka ile mashamba ya mkonge yalikuwa yameshauzwa kwa watu binafsi, umeme ni wa mgao, na mama mwenye ofisi alitwambia wazi: kazi imebaki ya mtu mmoja. Tulikuwa na tenda moja tu, tovuti ya wakulima wa tangawizi wa Myamba, yenye orodha ya wanunuzi wa Kichina kwa maandishi yao wenyewe. Mnunuzi mkubwa angekuja Jumatatu kuiona. Atakayemridhisha ndiye atakayebaki.

Kijana aliandika programu ya kutoa yale majina katika JSON, faili ambalo ukurasa wa tovuti hulisoma, kisha akaenda msibani Dar. Ijumaa mchana nikafungua faili lake. Hakuna Mchina hata mmoja! Kila herufi ilikuwa kistari cha mshazari, u, na namba: \u738b, \u674e, mstari juu ya mstari, kama kutoka Same hadi Mwanga. Moyo ulicheka. Chuo chote kile, na herufi zimemfia mlimani! Ukurasa wenyewe sikuufungua. Wa nini, wakati ushahidi ninao?

Nikawaza: hivi vistari na u ni takataka za njiani. Zikiondolewa, herufi zitapumua. Kwetu mfereji ukiziba hupigwa pembe ya msaragambo, kila kaya inasafisha kipande chake. Pembe sikuwa nayo, nikapuliza filimbi. Jumamosi asubuhi wenzangu sita wa masomo ya jioni walikuwa kwenye mashine, kila mmoja na kipande chake.

"Mwenyekiti, na u nifyeke?" mmoja akaniuliza.

"Fyeka! Usibakize hata mzizi. Jumatatu bwana mdogo atatafuta pa kujificha."

Tukafyeka mpaka vidole vikaota sugu, tukahifadhi juu ya kazi yake.

Jumatatu mnunuzi akaja, mama wa Kichina mwenye Kiswahili cha Kariakoo. Akainamia kioo.

"Jina langu liko wapi?"

Nikamwonyesha: 738b, na mkia wake wa namba.

"Mimi mfungwa?"

Mama mwenye ofisi akanigeukia. Nikanyoosha kidole kwa kijana, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kwenye basi la Dar, begi begani. "Muulize huyo, mama. Ndiye aliyeandika." Utamu wa sentensi ile niliusubiri mwaka mzima.

Kijana akaweka begi chini. Akatoa nakala ya faili lake la awali kwenye flashi, akairudisha, akafungua ukurasa. Wachina wote wakasimama pale, weusi na safi. Mnunuzi akagusa jina lake, akalisoma kwa sauti. Mama mwenye ofisi akaninyooshea kiganja. Alitaka ufunguo wa ofisi.

"Lakini faili lilijaa namba!" nikampigia kelele kijana. "Wewe mwenyewe ulisema zinavunjika njiani!"

Nilingoja aniite msomi wa koroboi. Ningejua la kumjibu.

"Kaka, ule ulikuwa utani," akasema taratibu. "Herufi hazina uzito. Kile kistari na u ndivyo vinavyokiambia kivinjari, kile kinachofungua ukurasa, kwamba namba inayofuata ni herufi. Hakuna kilichokuwa kimeharibika."