Mezani kwa Mama Ndaya Hakuna Chumvi

Ukishuka treni Kamina ukiwa na njaa, usiulize sana. Fuata abiria wanakoelekea na utamkuta Mama Ndaya kwenye malewa yake, kibanda cha chakula chenye mabenchi mawili na sufuria zinazochemka tangu alfajiri. Bukari yake, ugali wa kwetu, ni laini; sombe yake, majani ya muhogo, imepondwa ikapondeka. Kitu kimoja tu usithubutu kukiomba: chumvi. Mezani kwake haipo, na anayeiomba amemtukana. Siku moja aliiomba askari wa Base, ile kambi ya jeshi ya Kamina, mtu mzima mwenye nyota begani. Mama Ndaya alimwondolea sahani mbele yake, akamwonyesha barabara kwa mwiko.

Mimi Nuru ni rafiki yake, na nasema haya kwa mapenzi: mwanamke huyu ana kichwa kigumu. Haonji chakula chake. Anasema kuonja ni kazi ya wanaojifunza. Na kusema kweli hakuwa na haja ya kuonja, maana kila chungu chake, kiwe cha sombe au cha maharage, anakitupia kipande cha makayabo, yule samaki mkavu wa chumvi, na chumvi inaingia yenyewe. Mkono wake umezoea hivyo tangu ujana.

Mwaka jana binti yake Chancelvie, aliyeolewa na mvuvi kwenye kisiwa cha ziwa Upemba, alijifungua mtoto wa kwanza. Akatuma sauti kwa simu: maziwa yanatoka kidogo, mtoto analia, mama njoo unipikie. Mama Ndaya alifunga malewa siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa naelekea hukohuko, kwani huwapelekea wavuvi chumvi na kurudi na samaki wao, biashara niliyorithi kwa baba yangu aliyetoka Maniema. Tukapanda treni, tukashuka Bukama, tukaingia kwenye mtumbwi wa mota.

Wakati wa kupakia mizigo, mfuko wa Mama Ndaya uliteleza ukazama: unga wa mahindi, maharage na makayabo yote. Magunia yangu ya chumvi yalipona. Alinitolea macho utadhani ni mimi niliyeusukuma.

"Sasa minyi nitapika nini?"

"Utapika ile ya soko ya kule," nikamwambia. "Bantu ya kule banakula, banaishi."

"Banaishi," akasema, "lakini haujue kama banafurahi."

Soko la kisiwa liko pale pale mitumbwi inapofikia. Asubuhi wanawake wanatandika majani chini na kupanga kambale wabichi ambao bado wanapigapiga mkia, mchicha wa lengalenga, majani ya maboga, karanga, mawese kwenye chupa na unga wa muhogo. Mama Ndaya mwanzoni alipita akigusa kila kitu kwa kidole kimoja. Baada ya muda nikamwona anainama, ananusa, anavunja majani kusikia yanavyolia. Alikuwa ameanza kulipenda soko lile, ila hangekubali hata ungemlipa.

Tatizo lilikuwa mkwe wake, Nkulu. Kwa Baluba wa kwetu, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, na mama hali chakula cha nyumba ya mkwe. Heshima hiyo inawezekana Kamina, ambako mitaa ni mingi. Kisiwa kile ukipiga chafya upande huu wanakupa pole upande wa pili. Nkulu akiona kitenge cha mama mkwe sokoni, aligeuza mtumbwi na kujificha kwenye matete. Usiku alilala kwa mjomba wake. Mama Ndaya naye alipika jikoni kwa binti yake, chini ya ukuta wa matete, akiwa amekalia gunia langu moja la chumvi kwa sababu kigoda kilimuumiza magoti. Kula alikula kwangu, nilikofikia karibu na soko, mihogo ya kuchoma na karanga.

Chungu kilikuwa kimoja, bakuli mbili. Ya kwanza kwa Chancelvie, ya pili niliifunika na kumpelekea Nkulu. Ya Nkulu ilirudi tupu. Ya Chancelvie ilirudi na zaidi ya nusu.

"Mwanaume anajua kula," alisema Mama Ndaya. "Huyu mutoto wangu iko na nini?"

Akalaumu maji, akalaumu muhogo, akalaumu mawese. Leo lengalenga na karanga, kesho kambale na nyanya, keshokutwa kambale na majani ya maboga. Chancelvie alimeza kidogo, akasema, "Aksanti mama, nimeshiba," kisha akatazama paa. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia. Nikamwona rafiki yangu akifuta machozi kwa ncha ya kitenge na kusingizia moshi.

"Kama hakule chakula yangu," akaniambia, "atakula ya nani?"

Nikamchukua mtoto nimbembeleze, nikiumia.

Asubuhi moja chungu kilikuwa kimetoka tu motoni, Mama Ndaya kampakata mjukuu juu ya gunia lake, tukasikia hatua nje ya ukuta. Mtu akakohoa. Mama Ndaya akajifunika uso upesi. Nkulu hakuingia. Alisimama nje, akamsemesha mtoto.

"Mutoto wangu, ambia nkambo yako aksanti. Anapika muzuri sana."

Mama Ndaya akatikisa kichwa ndani ya kitenge, ameridhika.

"Umuambie tena, mama yako iko na woga ya kusema. Minyi pia niko na woga. Nimekula yote juu ya heshima. Lakini ile chakula, chumvi haiko mule. Tangu siku ya kwanza haiko."

Nikasema moyoni, hapa kimenuka. Nikautazama mwiko, nikamkumbuka yule askari.

Mama Ndaya akanipa mtoto. Akachovya mwiko kwenye chungu cha nyumba ya mkwe wake, ambacho hakupaswa kula chakula chake, akaonja. Akaonja tena. Halafu akainamisha macho, akatazama alichokalia.

"Nuru," akasema polepole, "na weye ulikuwa unaangalia tu?"

"Minyi nilikuwa nakula mihogo pamoja na weye."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka gunia likatikisika. Kisha akafungua kona yake, akachota, akakoroga, akaonja, akaongeza. Chancelvie alimaliza bakuli, akaifuta kwa tonge la mwisho la bukari, akainyoosha aongezewe huku analia na kucheka. Maziwa yalifuata. Kesho yake mtoto alinyonya mpaka akalala na titi mdomoni.

Lakini siku ileile Nkulu alikuwa bado nje, tayari kukimbia. Mama Ndaya alimpokea tena mjukuu, akageuza gunia, akakaa akiutazama ukuta na kuupa mlango mgongo.

"Mutoto, ambia baba yako aingie, akule mu nyumba yake na muke yake. Minyi niko naangalia ukuta."

Nkulu aliingia kinyumenyume, akaketi chini nyuma ya mama mkwe wake, mgongo kwa mgongo. Nikamwekea bakuli. Mama Ndaya akachota chumvi kwenye kisahani, na bila kugeuka akakisukuma nyuma yake kwa mkono mmoja, taratibu, mpaka kikagusa mkono wa mkwe.

"Mutoto," akasema, "ambia mwana wangu, kama haitoshi, aongeze."