Namba Moja Kwenye Daftari la Mahudhurio

Mume wangu hajui kudanganya, na kuna siku nilimchukia kwa sababu hiyo. Nalisema wazi kwa kuwa hata yeye anajua. Anaitwa Method, ni mtendaji wa kijiji chetu hapa Nyambureti, mwaka wa kumi na moja sasa. Ukimwona njiani na baiskeli yake, daftari la mahudhurio limefungwa kwenye mfuko wa nailoni lisilowe, utadhani amebeba mtoto mchanga.

Kila mkutano mkuu wa kijiji anapiga mistari kwa rula: namba, jina, kitongoji, sahihi. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba, na Method ana kitambaa chenye mafuta ya taa cha kuwafutia wazee wino. Kisha anahesabu vichwa mara mbili, akimnyooshea kila mtu kalamu. Vichwa visipolingana na sahihi anaanza upya. Watu wanamtania, "Mtendaji, sisi si ng'ombe wa kwenda joshoni!" Yeye anacheka, na anaendelea kuhesabu.

Tulikuwa tunataka kivuko, kidaraja cha kupita kwa miguu. Kuna mto unaokata kijiji chetu vipande viwili, na upande wa pili kuna kitongoji tunakiita Ng'ambo. Kiangazi mto huo mbuzi anavuka bila kulowa tumbo. Masika hauna adabu. Kuzunguka kwa barabara mpaka daraja la huko juu mtoni ni saa tatu kwa miguu.

Sasa, kivuko hakijengwi kwa kulia. Ombi linaanza kwenye kitongoji, linaingia halmashauri ya kijiji, kisha linapitishwa na mkutano mkuu, yaani watu wazima wote wa kijiji kuanzia miaka kumi na minane. Likipita hapo linapanda kamati ya maendeleo ya kata, halafu Mugumu, makao makuu ya wilaya, kwenye kamati za madiwani mpaka baraza lenyewe. Sisi tulikwama kwenye mkutano mkuu. Inatakiwa akidi, idadi ya watu ambayo isipofika hakuna uamuzi. Yetu ilikuwa mia mbili na arobaini. Na watu wa kuijaza walikuwa Ng'ambo, ambako mvua ikinyesha hawavuki. Mkutano wa kuomba kivuko unakosa watu kwa kukosa kivuko! Haya, cheka basi. Mimi nilishacheka nikamaliza.

Mara tatu uliahirishwa. Waitara, mtendaji wa kijiji kingine, akapita nyumbani, nikamwekea chai. Akamwambia mume wangu, "Method, wewe ni kichwa ngumu. Andika majina ya hao watu wa Ng'ambo. Kivuko wanakitaka, nani atalalamika?"

"Hawakuja," Method akasema. "Siandiki mtu ambaye hakuja."

Mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua. Nikasema, "Shemeji anakupa akili, wewe unampa sheria. Hizo sheria tutazivukia mto?"

Aliyemtetea ni Gati. Binti yetu wa pekee, wengine ni wavulana watatu. Huyo na baba yake walikuwa kitu kimoja. Alikuwa akimshikia rula, akimsomea majina, akimpangia karatasi. Nyuma ya daftari lake la kemia alikuwa amejaza sahihi zake za kujaribia, G yenye mkia mrefu unaopita chini ya jina lote. "Tata," alimwambia, kama watoto wa kwetu wanavyowaita baba zao, "nikifikisha kumi na minane, kwenye daftari lako namba moja ni mimi. Mwenyekiti akae namba mbili."

"Basi ufike mapema," baba yake akamjibu.

Mkutano wa nne ulikuwa Jumanne moja ya mwezi wa nne. Gati alikuwa amebakiza siku tisa. Alikaa kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji, nje ya watu wazima, akamtania baba yake kwamba huu nao ukiahirishwa atafurahi, maana ujao atasaini. Method akahesabu. Akahesabu tena. Mia mbili na kumi na mbili.

Na hapa ndipo naomba Mungu anisamehe. Nilisimama mbele ya watu wote nikamfokea mume wangu. "Kama huandiki majina, basi tuma mtu akawalete! Au utawasubiri waote mabawa?"

Mwenyekiti wetu, mzee Machage, akasema Mokami amesema kweli. Gati akawa tayari amesimama. "Nakwenda mimi, Tata. Mto uko magotini tu, nimeuona asubuhi." Kwenye vilima kulikuwa na wingu, jeusi, lakini mbali. Method alilitazama wingu, akalitazama daftari. "Nenda, ila rudi upesi," akasema. Siku hiyo moja ambayo ningepaswa kusema, nilinyamaza.

Alivuka salama. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akakusanya watu thelathini na wanane, akateremka nao mpaka mtoni. Maji yalikuwa yameanza kuja kutoka juu. Wale watu wazima wakasita. Mwanangu akawaambia yako magotini tu, akavua viatu, akatangulia kuwaonyesha njia.

Saa nane Method aliandika: "Mkutano umeahirishwa kwa kukosa akidi." Ninaujua mstari huo kwa moyo. Wakati anauandika, Gati hakuwepo tena.

Tulimpata kesho yake kwenye matete, chini ya shule. Tukamzika Ijumaa.

Watu walikuja! Wee, walijaa mpaka barabarani. Ng'ambo nzima walikuja, walizunguka kwa lile daraja la juu, saa tatu kwenda, na saa tatu nyingine kurudi. Wazee wamo, wenye watoto mgongoni wamo. Nilipowaona, kilio kikanikauka. Nikawaambia hapo hapo kaburini, "Kumbe miguu mnayo! Kuja kumzika mnaweza, kuja kusaini mlishindwa?" Dada zangu wakanishika, wakaniingiza ndani. Sikujuta. Mpaka leo sijajuta, ingawa najua mkulima hawezi kutembea siku nzima kwa ajili ya kila mkutano.

Baada ya mazishi mzee Machage akamsogelea Method, akazungumza kwa upole. "Watu ndio hawa, wanapita mia tatu. Lete daftari, wasaini, tumalize jambo hili mtoto wetu asiwe amekufa bure."

Method alikuwa na udongo wa kaburi la mwanawe mikononi. Akasema, "Mwenyekiti, mkutano una tangazo la siku saba. Haukutangazwa." Akaenda ndani, akaandika tangazo, akalibandika kwenye mlango wa ofisi. Mkutano uwe Jumamosi ya wiki iliyofuata. Usiku ule nililala chumba cha wanangu.

Jumamosi hiyo walikuja tena wote, kwa kuzunguka tena. Mia mbili tisini na saba. Hakuna aliyemtania wakati anahesabu. Kivuko kikapitishwa kwa mikono yote juu. Gati angekuwa na miaka kumi na minane na siku mbili.

Muhtasari ukapita kata bila tatizo, ukapanda Mugumu. Baada ya wiki tatu ukarudi, na kikaratasi kidogo kimebanwa juu kwa pini. Method alinipa nisome, hakuweza kusoma kwa sauti. "Namba 1 hana sahihi. Aitwe asaini, kisha mrudishe." Simlaumu aliyeandika. Kazi yake ni kuangalia, na ameangalia.

Nikafunua orodha. Namba moja: Gati Method. Mahali pa sahihi, peupe. Method alikuwa ameliandika asubuhi ya mkutano, kabla mtu yeyote hajafika, kwa sababu alimwahidi mwanawe. Miaka kumi na moja, na hilo ndilo jina pekee la mtu ambaye hakuja.

Chuki yote iliniishia pale pale. Nikaenda kuchukua daftari la kemia, nikalifunua nyuma, nikaliweka mezani mbele yake.

"Sahihi yake hii hapa," nikamwambia. "Iige. Wewe ndiye unayeujua mkono wake. Hii moja tu, baba Gati. Nani atalalamika?"

Alizitazama zile G zenye mkia kwa muda mrefu. Akazipitisha kidole, moja moja. Kisha akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina la mwanetu, na pembeni akaandika herufi za mwanzo za jina lake mwenyewe, kama inavyotakiwa mtu akikosea.

"Hakuja, Mokami," akasema.

Akafuta macho kwa kile kitambaa cha mafuta ya taa, akaanza kuhesabu upya, kuanzia namba mbili. Akidi bado ilitimia.