Ua Langu la Jangwani Kwenye Mnada wa Mavuno

Ningeaibika sokoni ningevumilia, lakini mimi niliaibika kanisani, mbele ya Mchungaji, kwaya na kuku wa sadaka, na hadi leo anayenikumbusha simjibu vizuri.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipofungulia watu biashara, mume wangu kapunguzwa kazi kiwandani, kila nyumba mtaani kwetu Sekei ina kigenge mlangoni, nami nikaamua kuuza maua ya vyungu. La kujivunia lilikuwa waridi la jangwani, nililolikuza kwa mbegu kutoka nyika za wafugaji huko magharibi ya Mlima Meru, shina limevimba chini kama mtungi, na likichanua hata mwenye haraka anasimama. Nililipanda kwenye mchanga na kokoto, nikaliweka juani, na msimu wa baridi linapopukutisha majani nililinyima maji kabisa, maana hapo limelala, ukilinywesha unaliua. Haya yote nilikuwa nayajua. Ndiyo maana nina hasira.

Nikaahidi kulitoa sadaka kwenye mnada wa mavuno kanisani (nisiwadanganye, nilitaka pia washarika walione wanipe oda). Wifi yangu Anaeli akaja kukaa kwetu kutoka Nkoaranga, akalitazama lilivyo tupu bila jani, akasema, "Wifi, unampelekea Mungu kuni?"

Nikamweleza. Akacheka. "Kila chenye uhai kinakunywa maji. Wewe unalitesa tu."

Basi nikalimwagilia. Kidogo tu, nikasema, lipate majani mawili matatu, kesho yake Anaeli akaongeza kopo na mimi sikumzuia, na manyunyu ya baridi nayo yakaongeza yao, hadi wiki ya mavuno nikaliminya shina nikalikuta laini, nikafurahi (mjinga mimi) nikidhani limenenepa.

Jumapili, mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi, kavaa suti ya rangi ya maziwa, akalishika shina akaliinua juu watu wote waone. Chungu kikabaki mezani. Shina lilikatika kama papai bovu, maji ya kahawia yakamtiririka kutoka kiganjani hadi kwapani, na kwa ile harufu, safu ya mbele ya kwaya ilihama.

Ningenyamaza hapo ningepona. Lakini nikakumbuka kwamba utomvu wa ua lile wafugaji hupaka mishale, nikapaza sauti, "Shikamoo mzee, usijiguse macho, hiyo ni sumu."

Neno sumu lilitosha. Akina mama wakabeba watoto, mtu akapindua tenga la kuku, mzee akakimbizwa bombani na suti yake. Na katikati ya vurugu ile nikamsikia Anaeli akiwaambia waliokaa naye, kwa upole kabisa, "Nilimwambia asizidishe maji."

Nilimjibu. Sitarudia nilichosema, ila kipaza sauti kilikuwa karibu yangu na hakikuwa kimezimwa.

Mzee hakudhurika. Kuku walipatikana, isipokuwa jogoo mmoja. Mimi nilikata tawi lililobaki zima, nikaliacha kivulini mpaka kidonda kikauke, nikalichomeka kwenye mchanga mkavu, likashika. Lilipokuja kuchanua Anaeli akafika tena, akalisifu, akaomba kitawi cha kupanda kwake. Nikampa chai. Kitawi sikumpa.

Mtu anishauri kuhusu ndoa yangu, watoto wangu, hata wokovu wangu, nitakaa nimsikilize. Kuhusu maji ya ua langu, sitamsikiliza mtu tena.